Ratiba ya vipindi Februari 2027: Ramadhani na Kwaresma zinaingia wiki moja, tunaipangaje?

Mkunazi (mleta mada)

Wadau wa utangazaji, habari zenu. Mezani kuna ratiba ya vipindi ya Februari 2027 kwa televisheni ya umma inayoonekana Tanzania nzima, studio zikiwa Dar es Salaam. Matangazo ni kuanzia saa 11:00 alfajiri hadi saa 6:00 usiku, yaani saa 19 kwa siku, saa 532 kwa mwezi.

Ukiitazama kalenda juujuu ni nyepesi: siku 28, mwezi unaanza Jumatatu na kuisha Jumapili, wiki nne kamili. Lakini Ramadhani inatarajiwa tarehe 8 au 9, Jumatano ya Majivu ni tarehe 10, na taarifa ya habari ya saa 2:00 usiku haiguswi.

Naomba msaada kwa haya manne. Adhana ya magharibi iwekwe saa ngapi ilhali jua halizami pamoja mikoa yote? Ratiba itangazwe vipi kabla mwezi haujaandama? Kipindi cha nusu saa kiwe na dakika ngapi hasa, maana watayarishaji wanaleta urefu wowote? Na kwa nini ratiba ikifika kwenye ving'amuzi mara nyingine inasogea saa tatu mbele?

Saa12Kamili

Mkuu, nianze na adhana, maana ndiyo msumari ambao vipindi vyote vya jioni vitaning'inia.

Dar es Salaam tarehe 8 Februari jua linazama kama saa 12:48 jioni. Tarehe 28 linazama kama saa 12:43. Hizo dakika tano ndizo zinazoumbua watu. Ukichukua saa ya mwisho wa mwezi ukaibandika siku zote, wiki ya kwanza utaadhini jua likiwa bado juu na watu watafungua kabla ya wakati. Ukichukua saa ya mwanzo, mwisho wa mwezi misikiti ya jirani itakutangulia. Hapo hakuna aliyeharibikiwa na swaumu, ila simu zitaita studio. Kwa hiyo kila siku iwe na saa yake, kwa kufuata jedwali lililopitishwa na BAKWATA, pamoja na dakika moja au mbili za tahadhari kama jedwali halijaziweka tayari.

Sasa mikoa. Siku hiyo hiyo ya tarehe 8, Mtwara jua linazama karibu sawa na Dar. Arusha ni kama dakika 6 au 7 baadaye, Dodoma kama dakika 13, Mwanza kama dakika 21, Kigoma kama dakika 36, yaani saa 1:24 usiku. Mtu wa Kigoma akifungua kwa adhana ya televisheni, amekula mchana. Kwa hiyo picha ya adhana yenyewe iwe na maandishi makubwa yanayokaa mwanzo hadi mwisho: "Adhana hii ni kwa wakazi wa Dar es Salaam na maeneo ya jirani." Halafu utepe wa chini upitishe saa za miji mingine kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 1:30 usiku. Usiukate adhana inapokwisha, kwa sababu wanaouhitaji zaidi wako magharibi ya nchi na kwao jua bado halijazama.

Kwenye kompyuta ya urushaji, adhana iwe tukio lenye saa maalumu, si linalosubiri la mbele yake liishe. Maana yake ikifika 18:48:00 itaingia tu, hata kama sheikh yuko katikati ya sentensi. Kwa hiyo usiweke mawaidha yakagusana na adhana. Mawaidha yaishe saa 12:42 kila siku, bila kubadilika mwezi mzima. Pengo linalobaki lijazwe na vipande vinne vya qaswida au picha tulivu: dakika 3, dakika 2, dakika 1 na sekunde 30. Kwa vipande hivyo vinne unaweza kuunda pengo lolote la nusu dakika hadi dakika 6 na nusu. Tarehe 8 pengo ni dakika 6, unatumia vitatu vya kwanza. Tarehe 28 pengo ni dakika 1, unabaki na kimoja. Mawaidha hayakuguswa, mtayarishaji hakusumbuliwa.

Na mdhamini wa futari kadi yake ikae kabla ya pengo. Juu ya adhana pasiwe na nembo ya mtu.

BintiUnguja

Kaka Mkunazi, hilo la mwezi kuandama mbona lina nafuu safari hii. Jumamosi tarehe 6 Februari kuna kupatwa kwa jua, huku kwetu hakutaonekana lakini kunatueleza jambo: jua likipatwa ndiyo saa mwezi unazaliwa, na kwa saa zetu ni karibu na saa 1:00 usiku, jua la Dar limeshazama. Kwa hiyo Jumamosi hakuna mwezi wa kutazamwa. Usiku wa kutazama ni Jumapili tarehe 7, na uwezekano mkubwa mfungo ni Jumatatu tarehe 8. Hata hivyo kituo cha umma hakitangulii kusema. Kinasubiri Mufti.

Andika ratiba mbili za siku mbili tu, Jumatatu tarehe 8 na Jumanne tarehe 9. Ratiba "A" ni mfungo kuanza tarehe 8. Ratiba "B" ni Jumatatu ya kawaida na mfungo Jumanne. Zote ziingizwe kwenye seva kabla ya Ijumaa tarehe 5, faili zote zikiwa zimekaguliwa. Jumapili usiku acha nafasi ya matangazo ya moja kwa moja: tangazo huja baada ya magharibi na laweza kuchelewa hata kupita saa tatu usiku. Weka baada ya habari kipindi kinachoweza kukatizwa bila mtu kulalamika, muziki wa taarabu au makala ya maumbile. Usiweke tamthilia yenye mwisho wa kisa.

Kwa magazeti na mitandaoni andikeni: "Ratiba ya Ramadhani itaanza kufuatana na mwandamo wa mwezi." Watu wa huku hawahitaji maelezo zaidi ya hayo.

Na jamani, angalieni lugha ya usiku. Mwanzo wa siku kwetu ni magharibi. Mzee akisoma "usiku wa Ijumaa" anaelewa Alhamisi baada ya kuchwa jua. Kijana wa masta (chumba cha urushaji) anaelewa Ijumaa saa tatu usiku. Andika "usiku wa kuamkia Ijumaa" au taja tarehe. Daku ndiyo inaponza zaidi, maana kipindi cha saa 10:00 alfajiri wengine wanakihesabu katika siku iliyopita.

Daku yenyewe: ukifungua kituo saa 11:00 umechelewa. Dar alfajiri inaingia kama saa 11:15. Fungueni saa 10:00, mfunge kipindi cha daku saa 11:00 kamili. Wala msivute hadi saa ya Dar, kwa sababu Mtwara alfajiri inaingia kama dakika saba kabla ya Dar, ingawa magharibi yao ni sawa. Jioni mwenye kuponzwa ni mtu wa Kigoma, asubuhi ni wa Mtwara. Saa hiyo moja ya nyongeza kwa siku 21 za Februari ni saa 21, kwa hiyo jumla yako ni 553 na si 532. Zamu za usiku na usafiri wa wafanyakazi zihesabiwe humo.

Mapishi ya futari yasiwekwe saa 11:00 jioni. Saa hiyo muhogo uko jikoni tayari na maharage yalirowekwa tangu asubuhi. Anayetazama hawezi tena kwenda sokoni. Saa 9:00 alasiri inafaa, dakika 15, na orodha ya vitu ikae kwenye skrini angalau sekunde 20 ili mtu aipige picha kwa simu.

FundiSeva

Mleta mada, nakujibu la tatu na la nne.

Nusu saa ya televisheni haina dakika 30 za kipindi. Hesabu ya kawaida: kipindi dakika 26:00, mapumziko mawili ya 1:30 kila moja, kionjo (tangazo fupi la kipindi kijacho) cha sekunde 40, utambulisho wa kituo sekunde 20. Jumla 30:00. Kwa saa nzima: kipindi 52:00, mapumziko matatu ya dakika 2:00, vionjo 1:30, utambulisho sekunde 30. Jumla 60:00. Mtayarishaji apewe namba hizo kwa maandishi, na uvumilivu uwe sekunde 15 chini, sifuri juu. Pungufu linajazika kwa kionjo. Ziada haina pa kwenda.

Angalia inavyoharibika. Kipindi kimoja kikija na dakika 27:40 badala ya 26:00, mtu anasema ni dakika moja na sekunde arobaini tu. Vipindi sita vya namna hiyo kati ya saa 11:00 jioni na saa 2:00 usiku vinakupa dakika 10 za ziada, na habari ina saa maalumu. Kinachofuata ni masta kukata matangazo yaliyolipiwa, halafu idara ya biashara inakuja na hati ya madai.

Filamu zilizopigwa kwa fremu 24 zikichezwa kwa fremu 25 za mfumo wetu zinafupika kwa asilimia 4: filamu ya dakika 100 inakuwa ya 96. Kwa hiyo pima faili lenyewe baada ya kugeuzwa, usiamini urefu ulioandikwa kwenye jalada.

Sauti: lengo ni LUFS -23 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia), kilele kisichozidi -1. Qaswida na kwaya zinazoletwa kutoka mtandaoni mara nyingi ziko -14 au juu zaidi. Hiyo ni tofauti ya desibeli 9. Mawaidha yanaisha kwa upole, qaswida inaingia kama honi ya lori. Pitisha faili zote kwenye kipimo siku zinapopokelewa. Usimwachie mtu wa masta arekebishe kwa mkono saa 12:42 jioni.

Sasa ving'amuzi. Taarifa za ratiba ndani ya mawimbi ya dijitali husafiri kwa saa ya UTC (saa ya kimataifa, iko nyuma ya yetu kwa saa 3), halafu king'amuzi ndicho kinaongeza saa 3 za Afrika Mashariki. Ukituma habari kama 20:00 bila kusema ni saa ya wapi, mfumo unaichukua kuwa 20:00 UTC, king'amuzi kinaongeza tatu, mtazamaji anaona habari saa 5:00 usiku. Kwenye faili la XMLTV (faili la ratiba linalosomwa na kompyuta) andika hivi: 20270208200000 +0300. Ile +0300 ikikosekana ndiyo mwanzo wa matatizo. Dalili nyingine ni kama vipindi vyote vimesogea sawa. Kikisogea kimoja peke yake, hilo ni kosa la kuandika, halihusiani na UTC.

Jina la kipindi na maelezo yake mafupi kwa pamoja visizidi herufi 250, na jina lenyewe ulimalize ndani ya herufi 30 hivi, kwa kuwa skrini nyingi hukata. "Mapishi ya Futari" inatosha. "Kipindi Maalumu cha Mapishi ya Futari cha Mwezi Mtukufu" itaonekana "Kipindi Maalumu cha Mapishi ya". Halafu ile alama ya ng': programu za kuandikia hugeuza alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na baadhi ya ving'amuzi vinaonyesha takataka. "Ng'ombe wa Maziwa" inageuka kuwa kitu kisichosomeka. Tafuta alama zote zilizopinda, badilisha ziwe zilizonyooka, kisha ndipo utume.

Mwisho, saa 6:30 usiku wa Jumamosi kwenye karatasi yako ni tarehe ya Jumapili kwenye kompyuta. Ninyi mnafunga saa 6:00 kwa hiyo mna nafuu, ila mechi ikivuka hapo mtakutana nalo.

Mkunazi (mleta mada)

Asanteni sana, wakuu. Limebaki la habari. Isha inaingia karibu saa 2:00 usiku, na wengi watakuwa tarawehe. Kuna pendekezo la kusogeza habari hadi saa 3:30 kwa siku 21. Na Jumatano ya Majivu misa imepangwa mbashara saa 11:00 jioni. Mnaonaje?

Saa12Kamili

Habari usiisogeze. Redio na televisheni za nchi hii zimewazoesha watu saa mbili usiku, na nusu ya watazamaji wako hawafungi. Ongeza marudio ya dakika 30 saa 4:00 usiku, si faili la saa 2:00 lililorudiwa lote, bali lililohaririwa upya bila michezo. Kinachosogea ni tamthilia ya saa 3:00: ipeleke saa 3:30, tarawehe zikiwa zimekwisha misikiti mingi. Ile nusu saa katikati iwe ya makala au mahojiano.

Misa ya saa 11:00 jioni ni hatari. Ibada ya majivu yenye waumini wengi, na kupaka majivu mmoja mmoja, inaweza kufika dakika 100. Hiyo ni saa 12:40, mawaidha yamekufa na adhana iko dakika nane mbele. Ikizidi kidogo utalazimika kuikata ibada ya watu ili kuweka ya wengine, na kwa kituo cha umma hakuna kosa baya kuliko hilo. Chukua misa ya asubuhi, saa 12:30, mbashara, na uiachie hadi saa 2:30. Jioni saa 10:00 rusha muhtasari wa dakika 52. Gari la matangazo lifike kanisani tangu Jumanne mchana, maana alfajiri hakuna muda wa kutafuta umeme wa pili wala kupima mwangwi wa maiki ya altare.

Bunge likiwa linakaa wiki hizo, kikao huanza saa 3:00 asubuhi, kwa hiyo misa ya asubuhi haigongani nacho.

BintiUnguja

Hapo kwenye marudio nakubali nusu. Saa 4:00 usiku ni sawa kwa mjini. Shamba watu wameamka saa 9:30 kwa daku, saa 4:00 wamelala. Wekeni pia dakika 5 za muhtasari saa 1:30 usiku, kabla watu hawajatoka kwenda msikitini. Mhariri anayo tayari vichwa vya habari saa hiyo.

Jambo jingine: mashindano ya kuhifadhi Qur'ani yakiingia kwenye ratiba, usiyape muda wa saa mbili. Mshiriki hapewi dakika, anapewa aya, na majaji wanasimamisha. Weka muda wa saa nne na nyuma yake kipindi cha kufuta bila majuto.

Mvita254

Salaam kutoka Mombasa. Huku tatizo ni hilo hilo kwa umbo jingine. Habari za Kiswahili ni saa 1:00 usiku, na Nairobi jua linazama kama saa 12:52 mapema Februari. Adhana ya dakika nne inakuacha na dakika nne tu kabla ya habari, kwa hiyo hakuna nafasi ya mawaidha baada yake. Yote yawe kabla. Mombasa magharibi inatangulia Nairobi kwa kama dakika tisa, Lamu inatangulia Mombasa kwa kama saba, na Kisumu iko nyuma ya Nairobi. Ndiyo maana kwa kituo cha nchi nzima ni bora kuchagua mji mmoja na kuutaja kuliko kutafuta saa ya wastani. Saa ya wastani haimfai yeyote.

Mkirusha vipindi vyenu upande huu, kumbukeni Kenya vipindi vya watu wazima haviruhusiwi kati ya saa 11:00 alfajiri na saa 4:00 usiku. Tamthilia iliyosogezwa hadi 3:30 bado iko ndani ya muda wa familia. Tanzania zisomeni kanuni za TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) wenyewe, msikopi zetu.

Angalieni pia haki za kurusha. Mkataba wa tamthilia ukisema mara mbili, marudio ya saa 5:00 asubuhi yamekwisha hesabiwa, na marudio ya wikendi yatakuwa ya tatu. Tena haki ya kurusha kwa mawimbi si haki ya kuweka mtandaoni. Kwenye jedwali la mwezi weka safu mbili mbele ya kila kichwa: mara zilizobaki, na mtandaoni ndiyo au hapana. Safu ya pili ikiwa "hapana", mtu wa mtandao ajue saa ya kuweka picha tuli.

FundiSeva

Tarehe za kufanyia kazi, ukihesabu kinyumenyume: rasimu ya kwanza Jumatatu 21 Desemba, kabla watu hawajatawanyika kwa Krismasi. Idara zote zitie sahihi ifikapo Januari 11. Ratiba iende magazetini na mtandaoni Januari 18. Kwenye ving'amuzi tuma siku saba saba, usitume mwezi mzima mara moja, kwa sababu tarehe 8 na 9 utazibadilisha usiku wa Jumapili. Kila faili lifike saa 72 kabla ya kurushwa, isipokuwa habari na vya mbashara. Nafasi ya seva: kwa megabiti 50 kwa sekunde, saa moja inakula kama GB 25 pamoja na sauti, kwa hiyo wiki moja ya saa 19 kwa siku ni kama TB 3.3. Marudio hayahitaji faili la pili, lakini nimeona jedwali nyingi zinayahesabu mara mbili.

Saa12Kamili

Nyongeza ndogo kuhusu ule utepe wa saa za miji. Mkalimani wa lugha ya alama huwekwa kona ya chini, na utepe ukipita hapo unafunika mikono yake. Pandisha dirisha lake juu ya utepe, au utepe uishie kabla ya kona. Kwa misa yenye urefu wa saa mbili weka wakalimani wawili wa kupokezana kila dakika 20 hadi 30, na mkabidhi mmoja wao maandiko ya siku hiyo Jumanne jioni.